Ugonjwa Wenye Nilipata kwa Simu

Bandugu, hii kitu nitaieleza mara moja tu, na muniache nimalize mbele muanze kucheka, juu najua mutacheka, hata bibi yangu mwenye aliona yote na macho yake anachekaka mupaka leo wakati ananipakulia chakula, kijiko kinatetemeka mu mukono na muchuzi unamwangika. Haya yenye nilipata ile siku, mutu mwingine angehama Butembo. Mimi sikuhama juu mashini yangu ya kushona ni nzito.

Mimi naitwa Kambale, nashona makoti ya bwana-arusi na nguo za mapadiri. Kwetu Banande jina la kwanza mutoto analikutaka linamungojea: mwanaume wa kwanza atakuwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na vile vile. Ukisimama mu soko ya Butembo na kuita "Kambale!", nusu ya banaume batageuka, na nusu ingine batakuonyesha kwenye Kambale amepita.

Mutoto wangu mukubwa ni musichana, Masika. Ule mwaka alikuwa amepata muchumba, Muhindo, kijana wa Beni mwenye anafanyaka kazi ya déclarant kule Kasindi, donc yeye njo anapitishaka makaratasi ya bitu bya bachuruzi kwa douane ya mupaka wa Uganda. Kijana muzuri, mwenye heshima. Mais baba yake! Muzee mumoja wa Beni, anauzaka kakao, mutu wa maneno kidogo sana, anakuangalia wakati murefu mbele ya kusema "bonjour". Siku balikuya kwetu mara ya kwanza kuomba, alikunywa kahawa yake mupaka chini, akaweka kikombe, akasema: "Sisi hatuogopi familia ya bamasikini. Tunaogopa familia yenye inapenda feza kuliko mutu." Na akaniangalia mimi. (Batu ya Beni banasemaka kama sisi ba Butembo tunaweza kukuuzisha kivuli cha nyumba yako mwenyewe. Bongo, uongo mutupu. Hatujafika kule.)

Walipotoka, Masika alinifuata mu atelier, akashika mukono wangu wa mukasi, akasema: "Papa, nakuomba kitu moja tu mu maisha yangu. Hii familia usinipotezee." Nikamuahidi. Mimi kuahidi haijanishindaka.

Sasa simu. Muhindo, juu ya heshima, alininunulia simu mupya kule Kasindi, akaituma na dereva wa taxi, ndani ya kisanduku chake, na plastiki juu, na harufu ya upya. Akaniitisha kwa ile ya zamani, yenye kioo kilikuwa kimepasuka mupaka kuandika herufi moja ulazima kukaza kidole kama unaua kiroboto. "Papa," alisema, "tafazali usiifungue. Nitakuya siku ya yenga, Jumapili, kisha misa, tutaifungua pamoja, juu mwanzo wake uko na mambo mingi." Nikasema, "Hakuna shida, mutoto yangu."

Mais bandugu, nani anaweza kuweka simu mupya mu kabati mupaka siku ya yenga? Ni sawa na kuweka nyama mbele ya mbwa na kumwambia angojee misa iishe. Na tena jioni ile tulikuwa na répétition ya nyimbo za korale, na mimi naimbaka sauti ya chini, na bale ba sauti ya chini bote beko na simu muzuri. Nikatosha plastiki polepole, nikisema nitaangalia tu. Njo pale niliharibikia.

Simu ikawaka, ikanisalimia kwa Kingereza (ilipita Uganda, haikuwa na kosa), nikaifinya-finya mupaka ikakubali Kifaransa, kisha ikaniomba compte na neno la siri. Neno la siri gani? Nikaandika jina langu, ikakataa. Jina la bibi yangu, ikakataa. Jina la mutakatifu wa parokia yetu, ikakataa, na pale nilikasirika ya kweli.

"Papa Masika," bibi yangu akasema toka mu jiko, "ngojea Muhindo."

"Muhindo, Muhindo! Mimi nilikuwa nashona makoti ya harusi mbele Muhindo azaliwe, nishindwe na ka kitu kama haka?"

Basi nikakamata simu ya zamani, nikaingia mu lile kundi la internet la batu ya muji wetu, kule banauzishaka maparcelle ya kujenga na kutafuta mbuzi zenye zilipotea, nikaandika: "Bandugu, simu yangu mupya inanikatalia kufunguka, nani anajua service ya kunisaidia?" na nikaweka namba yangu pale, mbele ya dunia muzima. Jina langu mule ni Grand Couturier Élégance. (Musiniulize.)

Chai yangu haijapoa, simu ikalia.

"Bonjour papa. Hapa ni service technique ya simu. Tumeona uko na problème."

Sauti tamu! Kiswahili cha mbali, na Lingala kidogo ndani, yenye kulainishwa vizuri. Nyuma yake nilisikia jogoo analia. (Leo najiuliza: bureau gani hiyo yenye iko na jogoo? Mais ile siku nilifikiri labda ni mulio wa simu ya mwenzake.)

"Niko na Papa Paluku, sivyo?" akauliza.

"Non," nikajibu, "Paluku ni mukubwa yangu."

Akanyamaza kidogo, sawa mutu mwenye kusoma. "Ah, pardon, pardon, nilisoma musitari wa juu. Papa Kambale."

Bandugu! Nikafunika simu na mukono, nikaita bibi yangu mbio. "Banajua jina langu! Sijabaambia kitu, na banajua jina langu!"

Bibi yangu akaniangalia. "Sasa Paluku akiwa mukubwa yako, wewe unaweza kuwa nani? Papa wa Roma?"

Nikamwambia anyamaze, hii ni mambo ya service. Nikaweka simu kwa sauti kubwa ili na yeye ajifunze.

Yule bwana akaniambia sasa ananitumia code ya kunikaribisha, itafikia mu simu ya zamani, nimusomee tu. Code ikafika kweli. Nikavaa lunettes, nikasimama (sijui kwa nini nilisimama), na nikaanza kusoma ile mesaji yote kama nasoma barua ya Mutakatifu Paulo: ile namba, kisha, "Usipatie mutu hii code." Pale nikasimamisha kusoma. Munipatie hata ile heshima kidogo, nilisimamisha. Nikasema: "Mais monsieur, hapa banaandika nisipatie mutu."

Akacheka, kicheko ya upendo kabisa. "Ni kweli, papa, usipatie mutu. Mais mimi si mutu. Mimi ni service."

Na nikaona hiyo neno iko na akili! Nikamusomea code polepole, namba kwa namba, kisha nikarudilia asikosee. Akanishukuru, akaniambia kama mimi ni mutu wa akili sana (na mu hii nyumba ni wakati murefu hakuna mwenye aliniambia vile), kisha akasema simu zote mbili nizizime, niziweke pahali pa baridi mupaka kesho jioni, juu ziko zinaongea moja na ingine na hazitaki kusumbuliwa. Nikazizima, na kwa répétition sikuenda tena, ningeenda kuonyesha simu gani? Nikaziweka pembeni ya mutungi wa maji, nikazifunika na kitambaa kisafi, na nikakataza nyumba muzima kupiga kelele pale karibu.

Yenye ilifuata mimi nilikuya kuijua nyuma, mais nitaisema sasa ili musipotee. Ile code ilikuwa mulango wa mesaji zangu zote. Yule mwizi aliingia, akanitosha inje, akakuwa mimi. Ile jioni mukwe wangu wa Beni aliniandikia, neno fupi kama kawaida yake: "Mukwe, simu ya mutoto ilifika muzuri?" Na mwizi njo alijibu: "Mukwe, niko mu hopitali, hali ni mubaya, banataka kunipasua. Nitumie feza kwa hii namba, haraka." Akaandikia na korale vilevile. Akaandikia bakiliya. Kila mutu akajaribu kuniitisha, simu imezimwa, iko pembeni ya mutungi, inapumuzika, na kila mutu akasema: basi, ni kweli, iko mbaya. Bamoja ba korale bakazunguka hopitali za muji banauliza Kambale, na Kambale hakukosekana, kila hopitali iko na Kambale wake, bakamupata mumoja mwenye kuvunjika muguu, bakamuombea sana, akashangaa. Na mukubwa wa korale akasema tuanze kurudilia nyimbo za mazishi mapema, juu mara ya mwisho sauti ya chini ilituangusha. Sauti ya chini ni mimi!

Kule Beni, bandugu ya mukwe balisoma ile mesaji, bakasema: "Unaona? Ba Butembo. Mbuzi ya mahari haijafunguliwa kamba, na bameanza kuomba." Mukwe akarudisha simu mu mufuko. Akasema tu: "Mugonjwa hatumiwake feza kwa simu. Mugonjwa anaangaliwaka na macho." Asubuhi akakamata bibi yake, akakamata mama yake muzee, Koko, mwenye hatokake inje ya lango la parcelle yake, bakakamata kuku, ndizi na sabuni, bakaingia mu taxi, bakachukua ile barabara ya Beni na Butembo yenye siku hizi mutu haianzake bila kuuliza kwanza kama bunduki hazijalia kule. Kwa ajili yangu.

Na mimi? Mimi nilikuwa mu parcelle, na singlet, mbele ya makaa, nachoma brochette za mbuzi, nyama mu kijiti, na naimba sauti ya chini, juu nilisema jioni ikifika simu itakuwa tayari na ulazima kuifurahia. Bibi yangu alikuwa anafua. Masika alikuwa Lubero, kwa shangazi yake, kule réseau ya simu inapatikana kama jua mu musimu wa mvua, alienda kutafuta viazi na maharagi ya siku ya mahari.

Nikasikia banamuke banaimba kule kwa barabara. Polepole, wimbo wa kuombea bagonjwa. Nikajiuliza ni nani jirani mwenye kuwa na shida, maskini. Bibi yangu akachungulia mu tundu ya lupango, ule uzio wetu, akageuka, uso umebadilika.

"Papa Masika! Bakwe!"

"Bakwe gani?"

"Ba Beni! Beko na kuku! Na Koko analia!"

Na pale pale nikasikia jirani yangu, mama mumoja mwenye roho muzuri na kinywa kipana, anabapokea kwa mulango: "Poleni, bandugu, poleni, na sisi tumesoma ile mesaji yake ya kuomba feza ya hopitali, kumbe bamemurudisha nyumbani?"

Mesaji yangu. Feza. Hopitali. Code, jogoo, service, yote ilinikuyia kichwani mara moja, na nikaelewa kama kuna mutu amekuwa mimi na ameomba feza kwa ule muzee, kwa ule muzee kati ya bazee bote!

"Fungua mulango," bibi yangu akasema, "ubaambie uko muzima na umeibiwa. Mambo iishe."

Ile njo ilikuwa neno ya akili, na ilisemwa mu saa yake, na nilikuwa na miguu ya kuifanya. Mais nikajiona: singlet, mafuta ya mbuzi mu mustache, brochette mu mukono, wimbo mu kinywa. Mukwe akiniona vile atasema nini? Atasema, njo huyu, alituma kuomba feza ya kufa na kumbe ni ya nyama. Na Masika? Nilimuahidi Masika. Kichwa ikachemka, na nikakimbia. Nikaingia mu chumba, nikaruka mu kitanda na suruali, na viatu, na brochette, nikavuta bulangeti mupaka mu kidevu.

"Sema nimerudi toka hopitali leo asubuhi!"

"Kambale." (Ananiitaka Kambale tu wakati amekasirika.) "Toka mu kitanda."

"Mama Masika, unisaidie!"

"Ugonjwe peke yako," akasema, na akaenda kufungua mulango. Bazee banasemaka mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamutangaza. Mimi nilikuwa nimeficha uzima, na ile bazee hawakuitolea neno.

Bakaingia, bakainama, chumba ikajaa. Mukwe akatosha kofia. Sikuwa najua kama ule muzee iko na macho ya kulia, mais ilikuwa nyekundu. Koko akaikala pembeni ya kitanda, akaweka mukono juu ya kipaji changu (nilikuwa nimetoka mbele ya makaa, na nimekimbia), akapiga kelele: "Eh Nyamuhanga, Mungu wetu! Anawaka moto!" Mukwe-mama akaanza kulia. Kisha Koko akanusa hewa, mara mbili. "Mais kuna harufu ya nyama ya kuchoma humu ndani."

Na bibi yangu, mwenye kusimama kwa mulango na mikono yenye kufungana, akasema na uso mukavu kabisa: "Ni ule ugonjwa wake, Koko. Njo vile unanukaka."

Koko akatosha mu kitambaa chake chupa moja. Dawa ya majani, aliichemsha yeye mwenyewe mbele ya safari. Nikainywa. Bandugu, sijui ni majani gani, mais uchungu wake ulinifikia mu magoti, na machozi ya kweli ikatoka, na bote bakasema "pole, pole, anateseka". Bakatosha rozari. Kila Salamu Maria bananiombea, mimi chini ya bulangeti nasikia zambi inaongezeka uzito, na mafuta ya brochette inaingia polepole mu mashuka ya bibi yangu.

Njo pale Masika akafika. Muhindo alimupata kwa simu asubuhi wakati réseau ilipita kule, akamwambia, na yeye akaacha viazi, akapanda camion ya kwanza. Aliingia na matope mupaka mu magoti, akapita kati ya batu bila kusalimia mutu, akaanguka juu ya miguu yangu. "Papa! Papa yangu! Mimi nilikuwa natafuta viazi!" Kama ilikuwa kosa yake. "Usiende, Papa, tafazali, nani atanifikisha kwa bwana yangu?" Analia, anakumbatia miguu. Akapapasa. "Papa... mbona umevaa viatu?"

Nawaapia, pale nilifungua kinywa kusema ukweli. Kinywa kilikuwa wazi. Na simu ya mukwe ikalia mu mufuko wa koti yake.

Akaitosha, akaiweka mbali na macho kama bazee banafanyaka, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Mukwe, mbona unachelewa? Niko mu salle d'opération. Docteur ameshika kisu. Tuma sasa sasa."

Rozari zikasimama. Mukwe akaangalia simu. Akaniangalia mimi. Akaangalia simu tena.

"Mukwe," akasema polepole. "Onyesha mikono."

Nikatosha wa kushoto.

"Na ule mwingine."

Nikatosha wa kuume. Na brochette yake. Ilikuwa imebakia vipande viwili vya nyama na kitunguu.

"Nilisema kuna nyama," Koko akasema.

Nikaikala juu ya kitanda, na nikasema yote: kisanduku, kundi la internet, jogoo, Paluku, code. Nilipofikia "mimi si mutu, mimi ni service", mukwe-mama akafunika kinywa na kitambaa na mabega yake ikaanza kutetemeka. Mais mukwe hakucheka. Na Masika hakucheka. Alisimama, akapanguza uso na mukono wa matope, akasema: "Papa, nililia toka Lubero mupaka hapa. Batu ya mu camion njo balinishikilia." Akatoka inje. Afazali ningekunywa ile chupa yote ya Koko, na ingine juu yake.

Nikageukia muzee. Nikamwambia: "Mukwe wangu, simu ilinishinda, ile ilikuwa ujinga. Mais kitanda, huu uongo ni wangu mwenyewe, mwizi hakunituma. Niliogopa useme kama napenda feza kuliko mutu. Kama unataka kurudisha neno lako, sitakukatalia. Mais mutoto wangu hana kosa, usimuhesabie."

Akaniangalia ule wakati wake murefu. Kisha akasema, na nabaambia, ni maneno mingi kuliko yote nilishasikia mu kinywa chake: "Ile mesaji ilipofika, bandugu yangu balisema tuvunje. Na mimi nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Kisha nikajiuliza, kama ni kweli? Kama anakufa, na mimi niko hapa Beni nimekasirika? Nikaona afazali unidanganye kuliko nikukose."

Ni Koko njo alituokoa. Akasema kuku ya mugonjwa hairudiake nyumbani, na huyu mugonjwa, kwa vile anaona, njaa iko nayo, donc bakate kuku.

Nikamufuata Masika inje. Alikuwa amekwisha kushika kuku na maji ya moto, ananyofoa manyoya bila kuniangalia. Nikaikala chini pembeni yake, nikaanza na mimi kunyofoa. Manyoya yakajaa ndoo. Kisha akasema: "Papa, siku ingine ukiogopa, uogope ukiwa umesimama." Nikasema ndiyo. Akaangalia viatu vyangu, akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia, na mama yake akatoka na kisahani cha chumvi akatukuta vile, akasema hii familia, Mungu ajue.

Siku ya yenga Muhindo alikuya kisha misa kama alivyosema. Akaomba code ingine, akaniambia niishike mimi mwenyewe na nifunge kinywa, namba yangu ikarudi, akaifunga na neno la siri lingine juu, akaandikia batu bote kama ule wa hopitali hakuwa mimi. Korale bakafurahi, mais naona na huzuni kidogo, juu ile nyimbo balikuwa bameifikisha vizuri kabisa. Mutunza-sanduku wa korale alikuwa ametuma kitu kwa mwizi, maskini. Nilimushonea koti, na hatuliongelei tena. Muhindo akanieleza, na heshima yote, kama service ya kweli haikuitishake. Wewe njo unaitafuta, kule ulinunua simu, mulangoni, na miguu yako. Na code ikikuya na neno "usipatie mutu", mutu ni kila mwenye kuwa na kinywa. Mimi niliapa mbele ya bibi yangu na mbele ya ile mutungi: simu mupya sitaigusa tena peke yangu, namba yangu sitaitandika mu internet kama nyanya za soko, na mwenye kuniitisha na kuniambia niko na problème nitamujibu kama problème yangu anaijua bibi yangu, amuulize yeye. Bibi yangu anangojea tu siku bataitisha.

Mais nimesahau kusema namna bakwe balirudi. Ilikuwa ile siku ya kuku, jua lingali juu, kwa sababu hakuna mwenye alitaka ile barabara imukute mu giza. Koko alikuwa mu taxi, na mifupa mu kitambaa. Mukwe alibakia nyuma, akanishika mukono kwa mulango wa parcelle, akaukaza, akaniangalia kama kawaida yake, nikafikiri sasa njo ataniambia ile yenye hakutaka kusema mbele ya banamuke.

"Kambale," akasema. "Siku utagonjwa ya kweli, usiniandikie. Masika atakuwa kwangu. Yeye njo ataniambia."

Akavaa kofia, akaenda. Na mimi nikabakia kwa mulango mupaka taxi ikapotea kwa kona, kisha nikakimbia kumwambia Masika kama harusi iko.